Chiari aina ya kwanza na ya pili: jina moja, magonjwa mawili

Chiari ni hali ambapo sehemu ya ubongo hushuka kwenye tundu la chini la fuvu. Daktari Hans Chiari alizieleza aina hizi mbili mwaka 1891, akiwa Prague, na mpaka leo watu huzichanganya.

Katika aina ya kwanza, sehemu ya nyuma ya fuvu huwa ndogo mno. Ncha za chini za serebela (ubongo mdogo wa nyuma) hukosa nafasi, zikashuka milimita 5 au zaidi kwenye tundu la chini la fuvu na kulibana kama kizibo. Kila moyo unapodunda, majimaji ya ubongo hutaka kushuka mgongoni. Njia ikibanwa, presha hupanda. Ndiyo maana mgonjwa, mara nyingi mtu mzima, huumwa kisogo akikohoa au akijikamua chooni. Wengine hujaa maji ndani ya uti wa mgongo, hata wakaungua mkono bila kusikia moto. Dalili hiyo isipuuzwe kamwe. Mwenye dalili nzito hupunguzwa mfupa wa kisogoni.

Aina ya pili huanza tumboni mwa mama, karibu kila mara pamoja na mgongo wazi. Inaaminika majimaji huvujia mgongoni, ubongo ukakosa presha ya kuutanua, na fuvu likabaki finyu. Hapa hushuka hata shina la ubongo, na watoto wengi hupata kichwa kikubwa kwa kujaa maji. Mgongo hufungwa mapema, kisha huwekwa shanti (mrija wa kutoa maji kichwani), au hufanywa upasuaji wa kamera wa kuyafungulia maji hayo njia nyingine, ambao daktari Benjamin Warf aliuendeleza Mbale, Uganda. Kwa familia iliyo mbali na hospitali, naupendelea huu, kwani shanti ikiziba mtoto anahitaji daktari haraka sana.