Bunduki ya kwanza ya kushindilia: gumegume, fataki au ya kisasa?

Asalaam aleikum watazamaji wangu, karibuni tena barazani. Leo nimekaa nje ya nyumba yetu hapa Amu, mtaa wa Mkomani, na punda wa mawe wanapita, kwa hivyo mtanisamehe kelele.

Mpwa wangu yuko Ohio, Marekani. Juzi amenitumia sauti kwa WhatsApp: "Mjomba, nataka bunduki yangu ya kwanza, na moyo umependa hizi za kushindilia kwa mdomo. Nichukue ipi?" Mimi huko nimekaa miaka tisa na nimewinda nayo kila msimu, basi nikaona jawabu lake niwape na nyinyi, maana najua wengi mnaonitazama mko nje.

Nyinyi mlio hapa nyumbani, hili si la kwenu. Kenya kumiliki bunduki bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977. Na gobore la kuchongwa mtaani usilishike hata kwa kupiga picha. Ndiyo maana hapa mbele yangu hamuoni bunduki. Mnaona bomba la maji la plastiki, ufito, chubwi ya mshipi na kitambaa. Vinatosha.

Marekani, sheria ya serikali kuu ya 1968 huziweka nyingi za hizi kwenye fungu la silaha za kale, lakini kila jimbo lina masharti yake. Mpwa wangu, na kila aliye huko kwa viza, uliza wakili kabla hujatoa hata dola moja.

Haya. Bunduki ya kushindilia haina ganda la risasi. Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unaweka risasi, unaisukuma kwa mdeki, ule ufito wa kushindilia, mpaka ikae juu ya baruti. Tofauti kubwa iko kwenye namna ya kuwasha moto. Gumegume ni jiwe linalogonga chuma, cheche zikaangukia baruti kidogo kwenye kisahani cha pembeni, moto ukapenya tundu ukaingia ndani. Ya fataki, kuna kofia ndogo ya shaba unaivika kwenye kifa, kile kichuchu cha chuma chenye tundu nyuma ya mtutu, nyundo ikigonga moto unashuka. Ya tatu ni ya kisasa, ambayo kiwashio chake kimekaa nyuma ya mtutu, kwenye mstari mmoja na baruti. Hii ya tatu ilishika soko baada ya Tony Knight wa Missouri kutoa MK-85 yake mwaka 1985.

Ushauri wangu: chukua ya fataki. Kwa bunduki ya kwanza sina wasiwasi hata kidogo.

Gumegume naipenda, ni nzuri kwa macho na kwa historia, lakini inamtaka mtu aliyekwisha kutulia. Kati ya jiwe kugonga na risasi kutoka kuna kitambo kidogo, na mtu mgeni hushtuka na kuvuta bega kabla risasi haijatoka. Upepo kama kusi letu hili ungekupeperushia baruti yote ya kisahani. Tena inataka baruti nyeusi ya asili, kwa sababu zile mbadala kama Pyrodex zinahitaji joto zaidi ili ziwake, na baruti ya asili si kila duka linaiweka. Isipokuwa uko mahali ambapo sheria imekuchagulia, kama Pennsylvania ambako kuna msimu wa gumegume baada ya Krismasi.

Ya kisasa nayo sitaisema vibaya. CVA Wolf, kwa mfano, inakunjuka katikati, unatoa kizibo cha nyuma na unasafisha mtutu moja kwa moja kutoka upande huu mpaka huu. Kwa mtu anayetaka nyama tu, inatosha. Lakini mpwa wangu aliniambia anataka kujifunza, na kujifunza kwa kweli kuko kwenye kitambaa na risasi ya mviringo.

Hapa sasa niacheni nikae kidogo. Sogeza kamera. Hii ni chubwi, ya kuzamishia mshipi wa kuvulia, risasi tupu, laini. Nikibonyeza ukucha hivi, mnaona? Imeacha alama. Risasi ya bunduki ya kushindilia inatakiwa iwe laini namna hii. Mtutu ulioenea zaidi ni wa .50, yaani nusu inchi, na tufe lake huwa .490, dogo kidogo kuliko mtutu. Ile nafasi iliyobaki inajazwa na kitambaa. Hiki ni pamba tupu, kimefumwa kwa kubana, ndugu wa ile merikani waliyokuwa wakivaa bibi zetu. Nakipaka shahamu, naweka juu ya mdomo wa bomba, chubwi juu yake, nasukuma. Sikilizeni huo mkwaruzo. Aliyewahi kukaa Matondoni na mafundi wa majahazi anaujua mwendo huu: ni kalafati. Pamba na mafuta zinaziba mwanya, moshi usipite pembeni, na kitambaa kinakamata mifereji ya ndani ya mtutu ili tufe lizunguke linapotoka. Kitambaa kibovu, cha nailoni, kinayeyuka. Kilicholegea kinaungua na risasi inaenda ovyo.

Basi unapoagiza, uliza mifereji inazunguka kwa kasi gani. Mzunguko mmoja kwa inchi 60 au 66 ni wa tufe na kitambaa. Mmoja kwa inchi 28, kama kwenye ile Wolf, umetengenezwa kwa risasi ndefu zenye kikombe cha plastiki, tufe litaruka mifereji. Mmoja kwa inchi 48 uko katikati, unakubali vyote kwa wastani, na ndio ninaoutaka kwa mwanafunzi. Hawken ya kiwanda cha Thompson/Center ina huo, na bado nyingi zinauzwa zilizotumika. Jina Hawken ni la ndugu wawili wa St. Louis, Jacob na Samuel. Kampuni ya Traditions wanatengeneza za fataki za bei nafuu zenye mzunguko huohuo.

Baruti: nyeusi au mbadala wake ulioandikwa kuwa ni wa bunduki za kushindilia. Baruti ya kisasa isiyo na moshi usiitie kabisa, hata punje. Mtutu unapasuka, na uso wako uko nyuma yake. Kipimo fuata kitabu cha mtengenezaji, na mimina kwa kipimo, si moja kwa moja kutoka kwenye chupa, maana mtutu unaweza kuwa na kaa la moto lililobaki.

Sasa kisa. Niliinunua yangu dukani, imetumika, muuzaji akaniambia ni tupu. Jirani yangu, mzee mmoja wa Ohio, akanizuia hata kabla sijaitoa kwenye gari. Akatia mdeki ndani ya mtutu, akaweka kidole usawa wa mdomo, akautoa, akaulaza nje kando ya mtutu. Ulipaswa kufika karibu na kifa. Ulikomea mbali, kama upana wa vidole vitatu. Ilikuwa imeshindiliwa, na ilikuwa imekaa hivyo sijui miaka mingapi. Mikono yangu ilikuwa baridi.

Fanyeni nami kwa ufito huu. Bomba tupu: ufito unashuka mpaka chini, natia alama ya chaki hapa. Nikiweka chubwi na kitambaa: alama ya pili, hapa. Kwenye mdeki wako ziweke hizi mbili kwa kisu siku ya kwanza, ya pili ukiwa umeshatia baruti, kitambaa na risasi. Alama ya pili ikisimama juu ya mdomo kuliko kawaida, risasi haijafika kwenye baruti, na ukifyatua hivyo unaweza kuvimbisha au kupasua mtutu. Na fataki ikilia bunduki isitoke, ielekeze kulekule ulikokuwa ukilenga, subiri dakika nzima.

Kuosha ni siku ileile, maji moto na sabuni, kisha kukausha na mafuta. Masizi ya baruti yanavuta unyevu kama chumvi ya pwani inavyokula bawaba za milango yetu. Asubuhi ya pili umechelewa.

Suala la uhalali wa nyama, muulize shekhe wako. Mimi nilikuwa napiga bismillahi kabla ya kufyatua, sipigi mnyama aliye zaidi ya mita 70, na kisu kiko kiunoni.

Mpwa wangu, hiyo uliyoiona dukani usilipe kwanza. Mwombe muuzaji atie taa ndani ya mtutu, nitumie picha. Na picha ya pili, mdeki umelazwa nje ya mtutu baada ya kupimwa ndani. Nitakujibu nikitoka msikitini, wanaadhini hao.