Pleti za klachi ya pikipiki: pima unene kabla hujatoa hela

Malalamiko ninayoletewa na madereva bodaboda siku hizi yanafanana mno. Klachi imebadilishwa juzijuzi, fundi ameshalipwa, lakini pikipiki ikipakia abiria na gunia la mchele ikakutana na kilima, injini inalia tu na mwendo hauongezeki. Kaka mmoja wa Morogoro alinitumia picha za pleti alizofungua. Fiba, ile sehemu inayoshika, haikuwa imeisha, rangi bado ya kahawia, hazikunuka kuungua. Nikamwomba aazime kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, apime. Milimita 2.7. Akarudi nayo dukani, akapima pakiti nyingine ya aina ileile ambayo haijafunguliwa, ikawa 2.7 vilevile. Aliuziwa pleti mpya zilizokaribia kuchoka kwa kipimo.

Hapo ndipo penye shida, na karibu kila ushauri wa kununua spea unapapita. Watu wanabishana kuhusu boksi, rangi ya fiba na nchi ilikotengenezwa. Unene hawaugusi.

Kwanza hakikisha kweli unahitaji kununua. Shika mkono wa klachi uusogeze kidogo: kwenye pikipiki nyingi ndogo, ncha yake inatakiwa icheze kama milimita 10 hadi 20 kabla waya haujaanza kuvuta. Kama haichezi kabisa, waya umekaza na klachi inakuwa imebonyezwa nusu muda wote, hata hujaigusa. Ilegeze, ukajaribu tena ukiwa gia ya tatu au ya nne ukivuta mafuta kwa nguvu. Pili, jiulize tatizo lilianza lini. Likiwa limeanza mara baada ya kumwaga oili, usinunue pleti bado. Klachi hizi zinaogelea ndani ya oili ya injini, na oili nyingi za magari madogo zina kemikali za kupunguza msuguano. Kwenye gari ni sawa, kwa sababu klachi yake iko pakavu. Kwenye pikipiki zinatelezesha pleti. Kopo likiwa na maneno Resource Conserving, liache. Tafuta alama ya JASO MA au MA2, kipimo ambacho Wajapani walikiweka mwaka 1998 kwa ajili ya pikipiki. MB ni ya skuta. Oili ya kupima kwenye chupa ya maji haina alama yoyote, kwa hiyo hujui unachomwaga.

Waya uko sawa, oili ni sahihi, na bado inateleza? Sasa ni pleti au spring.

Turudi kwenye unene. Pikipiki za kazi nyingi, hasa zile za Kichina zilizofuata mchoro wa Honda CG125, pleti yake ya fiba ikiwa mpya ni karibu milimita 3, na ikifika 2.6 inatupwa. Ndani kuna pleti kadhaa zilizopangwa kwa zamu na za chuma, na zote zinabanwa na spring. Sasa piga hesabu: pleti 5, kila moja imepungua milimita 0.2, jumla milimita nzima imepotea. Spring inabaki ndefu zaidi ya ilivyopangwa, inabana kidogo, na mzigo ukizidi pleti zinasuguana badala ya kushikana. Zikisuguana zinapata moto, fiba inaisha haraka, unene unazidi kupungua. Ndiyo maana pleti nyembamba haidumu hata kama fiba yake ni nzuri. Na ndiyo maana baadhi ya mafundi wanaongeza washa chini ya spring. Mkono unakuwa mgumu, waya unakatika mapema, na spring inaweza kugandana kabla klachi haijaachia sawasawa. Ukiona fundi anachukua washa, mwambie pleti ndizo nyembamba.

Kwa hiyo nenda dukani na kalipa. Pima pleti tatu nne, sehemu mbalimbali za duara. Zikitofautiana zenyewe kwa zenyewe, rudisha pakiti.

Chaguo langu la kwanza ni FCC, na sifichi kwamba ninaipendelea. Ni kampuni ya Hamamatsu, Japani, inayotengenezea Honda klachi kiwandani, kwa hiyo mara nyingi unanunua kitu kilekile kilichokuwa ndani ya pikipiki ilipotoka mpya. Nilizopima mimi zimelingana pleti kwa pleti, na fiba imegandishwa vizuri hadi kwenye kingo. Pitisha ukucha kwenye ukingo wa kila kipande cha fiba: kisinyanyuke hata kidogo. Mwenye Honda au Mchina wa mchoro wa CG asiangalie pengine kama ameipata.

Ya pili ni pleti halisi za mtengenezaji, kwa mwenye Boxer au TVS HLX, kutoka kwa wakala anayetambulika. Usichanganye: pleti ya Boxer 100 si lazima iingie kwenye 150, hata muuzaji akiapa. Beba ya zamani, uzilinganishe meno kwa meno.

EBC ya Uingereza ni nzuri, lakini kwa pikipiki zetu ndogo mara nyingi ni ya kuagiza, na bei yake haiendani na mtu anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni. Zile za kwenye mfuko wa plastiki zisizo na jina, sizipendekezi.

Chochote utakachochagua, nunua na spring zake, na kagua pleti za chuma. Zilaze juu ya kioo tambarare: zikiyumba au zikiwa na rangi ya bluu, zimeungua. Pleti mpya za fiba juu ya chuma kilichopinda ni hela iliyotupwa.

Kinachonikera zaidi ni maduka. Kariakoo unaonyeshwa boksi tatu za bei tatu, unaambiwa hii orijino, hii orijino namba mbili, hii ya kawaida, na ukifungua zote zina pleti ileile. Ukitaka kupima unaambiwa ukishafungua umenunua. Kwa nini? Mwenye mali nzuri anaogopa nini kalipa? Kijana mwenye pikipiki ya mkataba akilaza chombo kwa fundi, siku hiyo hesabu inamdai palepale, na muuzaji hajali. Dai risiti ya EFD iliyoandikwa jina la spea, si neno "spea" tu. Bila risiti huna pa kuanzia, hata ukienda Tume ya Ushindani, ambao kazi yao ni pamoja na kupambana na bidhaa bandia. Akikataa kukupa risiti, toka, maduka ni mengi mtaa mzima.

Ukishapata pleti nzuri, zilaze kwenye oili mpya usiku kucha kabla ya kufunga, maana fiba kavu inaweza kuungua siku ya kwanza. Bolti za spring zikazwe kwa kukatisha, kidogo kidogo, zisije zikavunja vijiti vyake. Gasketi iwe mpya. Halafu rekebisha waya upya, kwa sababu pleti nene zitakuwa zimebadilisha mchezo wa mkono, na ukiuacha kama ulivyokuwa na pleti za zamani, mkono unaweza kulegea mno na klachi mpya isiachie sawasawa unapobadilisha gia.