Antibodi za protini za splaisingi kwa zebrafishi: ipi inafanya kazi, ipi ni ya kuiacha

Kama unafanya kazi na zebrafishi, wale samaki wadogo wa maabara, hii shida unaijua. Unafungua katalogi unakuta antibodi kibao (zinazoshika protini unayoitafuta ili uione) za protini za splaisingi, yaani za kukata na kuunga RNA, zote zimepimwa kwa seli za binadamu na za panya, halafu ukishuka kule chini kwenye maandishi madogo ndo unakuta samaki wetu katajwa, tena imeandikwa "inatarajiwa kufanya kazi". Inatarajiwa na nani sasa? Maana yake ni kwamba kompyuta imelinganisha mfuatano wa amino asidi ikaona unafanana, hamna mtu aliyewahi kupakia sampuli ya samaki kwenye jeli ya kutenganisha protini kwa ukubwa akaona bendi, ule mstari wa protini yenyewe.

Nianze na iliyonifurahisha. Antibodi ya SF3B1, moja ya protini za splaisingi, ni ya sungura, polikloni (mchanganyiko wa antibodi nyingi), imetengenezwa kwa kipande cha protini ya binadamu. Hii protini haijabadilika sana kati ya binadamu na samaki kwahiyo nilikuwa na matumaini, na kweli, kwenye westani (unahamisha protini kutoka jeli kwenda kwenye membreni halafu unapaka antibodi) nilipata bendi moja safi juu kidogo ya kilodaltoni 150, pale pale inapotakiwa kukaa. Ila ni protini kubwa, usiihamishe kwenye membreni haraka haraka, acha usiku kucha kwenye baridi la sivyo nusu inabaki kwenye jeli halafu unailaumu antibodi bure. Kwenye viinitete vizima nayo iko vizuri, nyukliasi (viini vya seli) zinawaka kila mahali, mkiani mpaka kwenye jicho, na sehemu ya nyukleolo ndani yake inabaki nyeusi kama tundu, ukiiona hiyo unajua kweli ndo yenyewe na sio uchafu wa kung'aa tu. Kupenyeza nilitumia asetoni ya baridi, proteinezi K, enzaimu ya kukata protini, niliiweka pembeni kwa sababu inatafuna hata kile unachokitafuta.

Sasa njoo kwenye antibodi ya SRSF1, protini nyingine ya splaisingi. Aisee. Hii niliinunua kwa kampuni nyingine na datashiti yake ilikuwa inapendeza mno, picha kali, bendi moja kama imechorwa na rula, lakini zote za seli za binadamu za HeLa. Kwangu zikaja bendi tatu nne hivi zimejipanga kama ngazi. Sawa, protini za familia ya SR, ambayo SRSF1 ni mojawapo, zinabeba fosfeti nyingi kwahiyo kupanda juu ya saizi yake kwenye jeli ni kawaida yao, nikaweka sampuli na enzaimu ya kutoa fosfeti, bendi moja ikashuka vizuri kabisa, zilizobaki wala hazikutikisika. Halafu kumbuka samaki hawa mababu zao walizidisha jinomu nzima, kwahiyo tuna srsf1a na srsf1b, mapacha wanaofanana, antibodi ya binadamu haiwezi kukwambia unaangalia yupi. Nikaandika kwa kampuni kuuliza peptaidi (kipande cha protini) waliyotumia kuitengeneza imetoka sehemu gani ya protini, jibu likaja kwamba ni siri ya biashara. Hapo ndo nilipoishiwa hamu nao, kwa sababu kama imetoka kwenye ule mkia wa arginini na serini zinazojirudia, itashika familia nzima ya SR, na mimi hela nimetoa ya protini moja. Kampuni ya SF3B1 wao niliwauliza swali hilo hilo wakanitumia mfuatano wote, nikaupanga na wa samaki mwenyewe nikaona tofauti ziko wapi. Kwangu hicho tu kinatosha kurudi kwao.

Y12, antibodi ya panya inayoshika protini za Sm za kwenye mashine ya splaisingi, ni mzee wa kazi, ipo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 na ilitoka kwa panya wenye ugonjwa wa kinga kushambulia mwili wao wenyewe. Inatambua arginini zilizowekewa methili, na alama hiyo samaki nao wanayo, kwahiyo imefanya kazi bila kelele. Usitegemee ikupe protini moja tu, inashika zaidi ya moja za kundi hilo, lakini kama kontroli ya kuonyesha splaisosomu, yaani hizo mashine za splaisingi, ziko wapi inatosha kabisa.

Na antibodi ya SC35 jamani. Watu bado wanainunua wakidhani wanapima SRSF2, protini nyingine ya familia ya SR, wakati mwaka 2020 ilionyeshwa kwamba kinachoshikwa hasa ni SRRM2, protini kubwa mno ya kwenye madoadoa ya nyukliasi. Kwa kupaka hayo madoadoa ni nzuri, nimeitumia na nitaitumia tena, ila ukiandika SRSF2 kwenye picha yako mkaguzi anayejua atakurudishia.

Kitu kingine ambacho datashiti hazisemi ni kiini cha njano. Vitelojenini, protini ya akiba ya yai, imejaa humo, ukisaga viinitete vya siku ya kwanza hivyo hivyo jeli inavimba katikati, bendi zinapinda, na antibodi za polikloni zinapenda kung'ang'ania hapo. Toa ganda kwa enzaimu ya pronezi, pasua kiini kwa kuvuta na kusukuma kwenye tipu nyembamba ndani ya bafa baridi isiyo na kalsiamu, osha, ndo usage. Background yangu ilipungua sana hata kwa ile SRSF1 mbovu.

Ukipima kwa samaki walioharibiwa jeni kwa CRISPR (mbinu ya kukata DNA) usishtuke kuona bendi bado ipo mapema, mama aliweka RNA na protini zake kwenye yai, na kiinitete kinaanza kutumia jinomu yake kama saa tatu hivi baada ya kurutubishwa, akiba ya mama inakawia kuisha. Pima na siku za mbele ndo uhukumu antibodi.

Maksi zangu: SF3B1 nyota tano, Y12 nne, SC35 nne kama unajua unachopaka, SRSF1 moja, na hiyo moja ni kwa sababu walituma na barafu kavu ya kutosha. Kabla hujalipa waombe mfuatano wa peptaidi na namba ya loti, na kama wana kichupa kidogo cha kujaribia chukua hicho kwanza.