Kikomo cha ada ya uhamisho au cha mishahara?

Katika soka, kubana ada ya uhamisho, yaani fedha ambayo klabu huilipa klabu nyingine ili kumchukua mchezaji, kunavutia, hasa ukikumbuka euro milioni 222 ambazo PSG ya Ufaransa ilimlipia Neymar mwaka 2017. Lakini fedha hiyo haiyeyuki. Itahamia kwenye mshahara, bonasi ya kusaini na mfuko wa wakala, huku klabu ndogo iliyomlea mchezaji ikiambulia patupu.

Kikomo cha mishahara kina meno zaidi. La Liga, ligi kuu ya Hispania, huipangia kila klabu kiwango kulingana na mapato yake, na mwaka 2021 Barcelona ikashindwa kumbakiza Messi. Messi! Kasoro yake ni kwamba mwenye mapato makubwa bado anatamba. Uingereza iliwahi kubana wote sawa, pauni 20 kwa wiki, hadi wachezaji walipotishia kugoma, kikomo hicho kikafutwa mwaka 1961.

Ningechagua mishahara, ila ligi zote zikubali pamoja.