TAHADHARI: Anayeuza rili "nyepesi za chumvi" kwa watu wa Malindi na Lamu

Wavuvi wenzangu wa Malindi, Watamu na Ngomeni, na nyinyi ndugu zetu wa Lamu, nawaomba msome haya kabla hamjatuma pesa. Kuna mtu anauza mtandaoni rili (mashine za kukunjia uzi wa kuvulia) za beitkasta, zile zinazokaa juu ya fimbo na spuli yenyewe, yaani kile kigurudumu kinachobeba uzi, ikazunguka uzi ukitoka. Asema ni mpya, za Japani, za chambo chepesi, zafaa maji matamu na maji ya chumvi. Bei shilingi 11,500. Nilinunua moja Februari. Ni bandia, na ubaya wake hauishii kwenye jina lililochapwa ubavuni: hairushi chambo chepesi, na chumvi iliimaliza kwa siku tisa. Kijana mmoja wa Shela aliletewa ya namna hiyohiyo wiki mbili baada yangu. Juzi nimeziona tena, ukurasa una jina jipya na picha ni zilezile.

Nieleze kwanza kwa nini nilikuwa naitafuta rili ya aina hii, maana ndipo anapotunasia. Kaskazi ikitulia, mdomo wa Mto Sabaki husafika, tope jekundu hupungua, na kolekole wadogo huingia kufuata dagaa ukingoni mwa mchanga. Hao hawataki chambo kikubwa. Wanataka cha gramu 4, 5, pengine 7, kirushwe mbali bila kishindo. Ukipanda juu ya mto, maji yakiwa matamu, kuna ngege na kambare, nao kwa chambo kidogo wanakuja. Nilitaka mashine moja ya kwenda nayo pande zote mbili. Kwa hiyo nilipoona tangazo limeandikwa hayo yote kwa pamoja, nilifurahi.

Nilimwandikia. Nikamuuliza uzito wa spuli, akajibu palepale, "Gramu 8 bosi wangu, hii ni ya chumvi kabisa." Nikamwomba picha ya chini ya mguu wa rili, pale panapoandikwa namba ya modeli. Akasema boksi bado lina mhuri, akilifungua atashindwa kuliuza kama jipya. Nikaona ni jibu la muungwana. Nilipotaka kulipa kwa M-Pesa, jina lililotokea kabla ya kutuma lilikuwa la mwanamke, wala halikufanana na jina la ukurasa. Nikamuuliza. "Ni laini ya mke wangu, yangu imejaa." Nikatuma. Hapo ndipo ningesimama, na ndipo nawaomba nyinyi msimame: jina linaloletwa na simu kabla hujathibitisha malipo limewekwa kwa ajili hiyo, na mwenye duka wa kweli kwa kawaida huwa na namba ya duka ya kulipia bidhaa.

Mzigo ulikuja kwa basi siku ya pili, nikauchukua stendi. Boksi lilikuwa zuri, maandishi ya Kijapani, kijitabu ndani, hata kichupa cha mafuta. Lakini namba ya kwenye boksi na namba ya mguuni hazikuwa moja. Tena namba ya kwenye boksi iliishia na 0, hali rili yenyewe ina mkono wa kushoto. Kwa rili nyingi za aina hii za Shimano, kampuni ya Kijapani, namba inayoishia na 1 ndiyo ya mkono wa kushoto. Ni jambo dogo ambalo mwenye kiwanda hawezi kulikosea, na mwenye kughushi halijui. Nilijipa moyo kwamba labda walichanganya maboksi.

Siku iliyofuata nilikwenda Sabaki na mzee mmoja ninayevua naye miaka mingi. Nilikuwa nimejaza uzi mwembamba wa kusuka, mita kama 60 tu. Chambo gramu 5. Nikarusha. Kikaenda hatua kumi kikaanguka, na spuli ikaendelea kuzunguka, uzi ukafura na kutatana mpaka nikaukata kwa kisu. Nikafunga breki ya sumaku mpaka mwisho, nikarusha tena, ikatatana vilevile. Nikakaza na kitufe cha kubana spuli, sasa chambo kikawa hakitoki kabisa. Mzee akaniomba fimbo yangu, akaitoa spuli, akaipima mkononi, akasema, "Mwanangu, hili ni jiwe." Kisha akachukua chambo changu kilekile, akakifunga kwenye mashine yake, akarusha. Kilivuka ukingo wa pili wa mchanga.

Nilipotoka huko niliipeleka ile spuli kwa sonara mjini. Akaifuta kwa kitambaa, akaiweka kwenye mizani yake ya dhahabu. Gramu 19.4. Akanitazama, akaiweka tena. Gramu 19.4. Muuzaji alisema 8.

Kwa asiyejua rili hizi, tofauti hiyo ya gramu 11 ndiyo kila kitu. Kwenye rili ya kawaida ya kuning'inia chini ya fimbo, spuli haizunguki unaporusha, uzi wajitoa tu kwa kuteleza. Kwenye beitkasta, chambo ndicho kinachoizungusha spuli. Chambo cha gramu 20 kina nguvu ya kuizungusha hata spuli nzito. Cha gramu 4 hakina: kinapoteza mwendo wake wote kuianzisha tu, na ikishashika kasi haitaki kusimama, chambo kimeshapunguza mwendo na spuli bado yatoa uzi. Huo uzi usio na pa kwenda ndio unaotatana. Na upepo wa kusi ukikupiga usoni ni vibaya zaidi. Wajapani walikuja na rili za chambo chepesi kwa kuifanya spuli iwe nyembamba, isiyo na kina, yenye kubeba uzi kidogo, na nyingi za hizo spuli zao hazifiki gramu 10 kabla ya kutiwa uzi. Spuli yenye kina kirefu inayobeba mita 150 za uzi mnene si ya kazi hii, tangazo liseme litakavyo.

Breki nayo. Nilifungua kifuniko cha ubavuni nyumbani, nikiwa nimeitandikia gazeti. Kuna duara la plastiki lenye vishimo kumi vya sumaku. Sumaku zilikuwa nne, mbili kati yake zimeng'oka gundi na kushikana zenyewe kwa zenyewe pembeni. Kile kitufe cha nje chenye namba 1 hadi 10 kilikuwa chalia tu ki-ki-ki bila kusogeza chochote, maana kijino kinachopaswa kulisukuma lile duara karibu na spuli hakikuwapo. Breki ya sumaku hufanya kazi kwa ukaribu: spuli ya alumini ikizunguka karibu na sumaku, huzuka umeme mdogo ndani ya bati la spuli na umeme huo ndio unaoipunguza kasi, bila kitu kugusana. Sumaku ikiwa mbali, hakuna breki.

Na kasi ya gia: boksi limeandikwa 8.1 kwa 1. Chukua kalamu ya wino, tia alama ukingoni mwa spuli, zungusha mkono mzunguko mmoja kamili, hesabu. Yangu ilizunguka mara tano na kitu. Hili mwaweza kumwambia muuzaji yeyote alifanye kwenye video, halihitaji kifaa wala kuharibu mhuri wowote wa maana. Anayekataa ana lake jambo.

Sasa chumvi, ambayo ndiyo iliyoniuma zaidi. Nilivua nayo mara tatu katika siku tisa, na kila mara niliisuuza kwa maji matamu, nikaifuta, nikaianika kivulini. Siku ya tisa ukizungusha spuli kwa kidole inakwaruza kama mchanga. Nilipozitoa beringi, mbili zilikuwa na unga wa kahawia, moja imeganda. Rangi kwenye mguu ilianza kufura vilengelenge, chini yake unga mweupe. Tangazo linasema beringi 18 "za seramiki". Nilizihesabu saba, zote chuma cha kawaida, na nyingine ni vipete vya plastiki vilivyotiwa hesabuni. Mjue pia kwamba hata beringi za seramiki za kweli, mara nyingi ni gololi tu zilizo za seramiki. Njia inayozizunguka bado ni chuma, na chuma hicho kisipokuwa kimekingwa kitashika kutu. Wingi wa beringi hausemi lolote kuhusu chumvi. Kinachosema ni mtengenezaji mwenyewe: katalogi za Kijapani za kampuni kubwa huonyesha modeli ipi yaruhusiwa maji ya chumvi, na zipo rili ghali sana, nyepesi sana, ambazo mtengenezaji hakuziruhusu. Fremu ya madini ya magnesiamu, kwa mfano, ni nyepesi mno lakini ikichubuka rangi, chumvi huila haraka. Kwa pwani yetu mimi naona afadhali alumini nzuri, hata ikiwa nzito zaidi kwa gramu thelathini.

Nilimwandikia muuzaji, nikamtumia picha ya mizani. Akasema nimeiloweka baharini. Nikamwambia wewe ndiye uliyesema ni ya chumvi. Akanizuia. Nilipeleka ule ujumbe wa malipo kwa 456 kuomba pesa zirudishwe, lakini zilikuwa zimeshatolewa siku nyingi, na pesa zikishatolewa hakuna cha kurudisha. Atakayejikuta amekosea, afanye hivyo dakika ileile, asingoje mzigo ufike ndipo aanze kushuku.

Jinsi ya kumtambua, maana jina hubadilisha: picha zake zote zimepigwa juu ya meza yenye kitambaa cha mpira cha miraba ya buluu, na pembe ya kulia ya kitambaa imeungua, kama palipowekwa sufuria ya moto. Picha za karibu, zile zinazoonyesha gia na spuli, si zake. Hazina kitambaa hicho na mwanga wake ni wa studio. Mwombeni picha ya spuli ikiwa juu ya mizani ya jikoni, na karatasi kando yake yenye jina lako na tarehe. Mimi nilimwomba hivyo kwa simu ya shangazi yangu wiki hii, akasema mizani imeharibika. Kijana wa Shela naye, kabla ya kulipa, aliomba hivyohivyo na akajibiwa kwamba mzigo umeshapakiwa kwenye basi la Lamu, atume upesi usirudi. Akatuma. Alikuwa amekusanya hizo pesa kwa kupeleka wageni Manda kwa mashua msimu mzima, na ndiyo sababu naandika kwa hasira hii.

Kwa walioniuliza wanunue nini: mimi sijaona rili mpya ya kweli ya aina hii, yenye spuli nyepesi na ruhusa ya maji ya chumvi, kwa chini ya shilingi 18,000 ikishafika pwani. Ukiiona kwa 11,500, basi iwe imetumika na mwenyewe aseme hivyo, na uikague kwa mkono wako. Fungua dragi, ile breki inayomwachia samaki avute uzi, kisha vuta uzi polepole, usikie kama yashika kwa vipande. Zungusha spuli kwa kidole karibu na sikio. Tazama chini ya mguu na ndani ya kile kijia cha kupeleka uzi kushoto na kulia, kutu huanzia huko. Na kama chambo chako ni cha gramu 3 kushuka chini na pesa ni za kuhesabu, nunua rili ya kawaida ya kuning'inia; kwa thuluthi ya bei itarusha mbali kuliko beitkasta nyingi, na spuli yake haitakuletea tatizo la uzi kujitafuna. Beitkasta yapendeza kuanzia gramu 5 hivi, unapotaka kukitua chambo pale hasa, ubavuni mwa mkoko, na kumzuia tewa asikimbilie mizizini.

Nimeandikisha taarifa kituo cha polisi na namba ya OB ninayo. Boksi, rili, beringi zilizoganda na ujumbe wote wa simu nimeviweka pamoja. Kijana wa Shela ameandikisha Lamu. Kama nawe uliletewa mzigo kutoka meza ile ya kitambaa cha buluu, weka risiti ya basi na ujumbe wa malipo, usitupe boksi, uniandikie ili taarifa zetu ziende pamoja.