Samaki-jiwe sebuleni: tathmini ya duka la samaki wa mapambo Arusha

Duka ninalolitathmini liko hapa Arusha. Huuza samaki wa mapambo, hufunga tangi la kioo nyumbani kwa mteja, kisha hulihudumia kwa malipo ya kila mwezi. Nilichonunua kwao ni samaki-jiwe, ambaye wataalamu humwita Synanceia verrucosa. Makazi yake ni miamba ya Bahari ya Hindi na Pasifiki, ukiwamo mwambao wetu, kwa hiyo kumfuga katika mji ulio zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari ni mtihani wa kweli kwa fundi yeyote.

Kwa upande wa maji, sina lawama hata kidogo. Maji ya sehemu nyingi zinazouzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi inayotokana na miamba ya volkano, jambo ambalo aliyekulia huku huhitaji tu kutazama meno ya majirani zake ili alithibitishe. Fundi alikataa katakata kutumia maji ya bomba kama yalivyo, akafunga mashine ya kuyachuja kwa utando, ndipo akayachanganya na chumvi maalumu ya matangi, takriban gramu 35 kwa kila lita. Alieleza pia, bila kuulizwa, kwamba katika mwinuko huu maji hushika oksijeni pungufu kuliko ya Tanga, hivyo akaongeza pampu ya kutibua uso wa maji na kuiunganisha na betri kwa ajili ya siku za kukatika umeme. Hita aliyoileta imehimili baridi ya Julai, na joto la tangi halijashuka chini ya nyuzi 24.

Samaki mwenyewe ni mzima na anakula vizuri, ingawa wageni wengi hulitazama tangi na kuuliza samaki yuko wapi. Hutulia chini kama kipande cha mwamba, na windo likimkaribia hulimeza kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata. Kwa sababu hiyo hakuna samaki mwingine wa kuwekwa naye, labda asiyeweza kuingia mdomoni mwake. Duka lilinishauri nimlishe perege wadogo walio hai, ushauri ambao siuafiki, kwa kuwa samaki wa maji baridi hawana mafuta yanayomfaa mla nyama wa baharini akilishwa hao peke yao. Mimi humpa kamba wa baharini na vipande vya samaki kwa koleo refu.

Kasoro kubwa ya duka hili ni namna linavyozungumzia sumu, au tuseme linavyonyamaza. Mgongoni samaki huyu ana miiba 13, kila mmoja ukiwa na vifuko viwili vya sumu vinavyominywa pindi mtu anapougusa au kuukanyaga, na maumivu yake ni makali mno. Hata hivyo, kijana aliyemleta alikuwa amevaa glavu za mpira za kuoshea vyombo, ambazo mwiba kama huo hupenya bila shida. Hakuna karatasi ya maelekezo niliyokabidhiwa, na nilipouliza nikajibiwa, “Usimguse tu, mzee.” Jibu hilo halimsaidii dada wa kazi anayefuta kioo, wala halimwambii mtu kwamba aliyechomwa anapaswa kuzamisha kiungo katika maji ya moto yanayovumilika, yapata nyuzi 45, kwa muda wa dakika 30 hadi 90, kwa kuwa joto huidhoofisha sumu hiyo, huku safari ya hospitali ikiandaliwa bila kuchelewa. Dawa mahususi ya kuizima sumu hiyo hutengenezwa Australia, na muuzaji anayejua hivyo asingetoa bidhaa yake kwa maneno matatu.

Kifuniko cha tangi nacho kilikuja bila kufuli. Nililazimika kumwita seremala wa mtaani aniwekee komeo kwa gharama yangu.

Anayetaka huduma yao ya maji ailipie bila wasiwasi. Anayemtaka samaki-jiwe adai kwanza kifuniko chenye kufuli, koleo refu na maelekezo ya huduma ya kwanza yaliyoandikwa, na mwenye watoto wadogo achague samaki wengine wa maji ya chumvi walioko dukani humo, wasio na sumu.