Uzoefu wangu: klabu ya vitabu inayochuja kabla ya kupiga kura

Nimekuwa mwanachama wa klabu moja ya vitabu ya hapa Dar es Salaam kwa muda wa kutosha kuona vitabu vyake vya mwezi vikichaguliwa vizuri na vikichaguliwa vibaya. Kwa kuwa watu huniuliza kama ada yake ina thamani, nimeona niandike tathmini inayohusu jambo moja tu, yaani namna klabu hii inavyofikia uamuzi wa kitabu cha kusoma. Ukumbi, chai na ukarimu wa wenyeji ni mambo mazuri, lakini hayo utayapata hata kwingine. Kinachoiweka klabu hai ni kitabu cha mwezi. Kikichaguliwa kitabu ambacho nusu ya wanachama hawakipati dukani, au wanakipata na kukiacha wakiwa hawajamaliza sura ya pili, kikao hugeuka kuwa maongezi ya foleni na bei ya mafuta, na baada ya vikao kadhaa vya namna hiyo watu huanza kutoa udhuru.

Njia za kuchagua kitabu cha klabu si nyingi. Ipo njia ya mtu mmoja, ambayo maarufu kuliko zote ni ile ya Oprah Winfrey, aliyeanza mwaka 1996 kuwatangazia watazamaji wa kipindi chake cha televisheni kitabu alichokipenda yeye. Ipo njia ya jopo, iliyotumiwa na Book-of-the-Month Club, kampuni iliyoanzishwa Marekani mwaka 1926 na iliyokuwa na waamuzi waliosoma vitabu vipya na kuwachagulia wanachama waliotumiwa nakala kwa posta. Halafu ipo njia ya kura, ambayo ndiyo klabu nyingi za hapa kwetu huifuata, kwa sababu hakuna mtu anayetaka kuonekana anawaamulia wenzake na kwa sababu kundi la WhatsApp limerahisisha upigaji kura kiasi kwamba jambo zima humalizika kabla ya chakula cha jioni. Klabu yangu ya awali ilikuwa ya kura tupu. Kila mtu alitaja kitabu, orodha ikafika majina kumi na zaidi, kura zikatawanyika, na mshindi akapatikana kwa kura chache mno, maana yake ni kwamba wengi katika kundi hawakuwa wamekichagua na hawakuona sababu ya kukinunua.

Klabu ninayoizungumzia sasa huchagua miezi miwili kabla. Anayependekeza kitabu hatakiwi kutaja jina tu; huandika aya moja akieleza kwa nini kisomwe na kikundi na si na mtu peke yake, idadi ya kurasa, mahali kinapopatikana na bei yake, na kwa kupendekeza huko anakuwa amekubali kuongoza mjadala iwapo kitachaguliwa. Sharti hili la mwisho limepunguza sana mapendekezo ya kujionyesha. Mtu aliyezoea kutaja riwaya nzito ya Kirusi ambayo hajaifungua hufikiri mara mbili anapojua kwamba ndiye atakayeketi mbele ya wenzake kwa saa mbili na kuulizwa maswali. Baada ya hapo, kamati ya watu watatu, inayobadilishwa kila baada ya miezi minne, hupokea mapendekezo yote, huyachuja hadi kubaki vitabu vinne, na hivyo vinne ndivyo vinavyokwenda kwenye kura. Ipo pia kanuni ya lugha: katika kila miezi mitatu, angalau mwezi mmoja lazima uwe wa kitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, na tafsiri haihesabiwi hapo.

Kazi kubwa ya kamati, na kwa maoni yangu ndiyo inayohalalisha ada, ni kuhakikisha kwamba kitabu kipo. Jambo hili linaonekana dogo kwa mtu anayeishi katika nchi ambako kitabu chochote huletwa mlangoni, lakini kwetu ni nusu ya uamuzi. Wanakamati hupiga simu kwenye maduka, likiwemo lile la TPH (Tanzania Publishing House) la Mtaa wa Samora, huulizia idadi ya nakala zilizopo rafuni, huwauliza wachapishaji kama kitabu kinachapwa tena, na hupita kwa wauzaji wa vitabu vilivyotumika wanaotandaza bidhaa zao kando ya barabara katikati ya jiji, ambako mara nyingine hupatikana riwaya za miaka ya sabini zilizokwisha kutoweka madukani. Kitabu kisichofikia nakala za kutosha hakiendi kwenye kura hata kama kila mtu anakitamani. Huwekwa kwenye orodha ya kusubiri. Wanachama wa mikoani, ambao huhudhuria kwa video, hutumiwa nakala zao kwa basi, na gharama ya kifurushi hugawanywa kwa wote.

Hapa niseme pia kuhusu PDF, kwa sababu ndilo jaribu la kila klabu. Kitabu kinapokosekana, hakosi mtu mmoja anayerusha faili kwenye kundi na kusema amesaidia. Klabu hii hukataza, na mratibu huifuta bila maneno mengi. Wapo wanaoona ni ukali usio na maana, lakini Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ipo, na zaidi ya sheria kuna ukweli kwamba mwandishi wa Kiswahili anayeuza nakala chache kwa mwaka huumizwa na hata kundi dogo la wasomaji wasiolipa. Mimi naunga mkono katazo hilo bila shaka yoyote. Limetulazimisha kuchagua vitabu vinavyoweza kununuliwa, na maduka mawili sasa hutuagizia nakala mapema kwa sababu yanajua kwamba tutazichukua.

Uhakiki wa upatikanaji una tokeo moja ambalo sikulitarajia. Ukichuja riwaya za Kiswahili kwa kigezo cha kuwepo dukani, zinazobaki nyingi ni zile zilizowahi kuwa au ambazo bado ni vitabu vya fasihi shuleni, kwa kuwa hizo ndizo mchapishaji ana uhakika wa kuziuza. Basi kila mwezi wa Kiswahili ukifika huzuka lalamiko lilelile: hicho tulikisoma kidato cha tano, tukakifanyia mtihani, tumekichoka. Mwanzoni nililiona lalamiko hilo kuwa la haki. Siku hizi naliona kuwa la kivivu, na klabu imenisaidia kufika hapo. Tuliposoma Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971 na ikapigwa marufuku shuleni kabla ya kuja kukubaliwa, wenzetu waliokuwa wameikariri kwa vichwa vya dhamira na wahusika waligundua kwamba hawakuwahi kuisoma hata kidogo. Walikuwa wamesoma mwongozo. Wazazi waliokuwemo walimsoma Zakaria, yule baba mlevi na mkali, kwa jicho tofauti kabisa na walilokuwa nalo wakiwa wanafunzi, na mmoja wa akina mama alituomba tuache kumhukumu Regina, mke wa Zakaria, hadi tujiulize alikuwa na njia gani nyingine.

Kura yenyewe ni rahisi, na hapa waanzilishi walifanya uamuzi wa busara. Hatuulizwi ni kitabu gani tunakipenda kuliko vyote. Tunaulizwa ni vipi, kati ya vile vinne, tuko tayari kuvinunua na kuvisoma, na kila mtu huweka alama kwenye vingi kadiri anavyotaka. Kitabu chenye alama nyingi ndicho kinachosomwa. Tofauti na kura ya kumchagua mmoja tu inaonekana ndogo hadi uione ikifanya kazi. Katika kura ya mmoja, kitabu chenye wapenzi sita wenye hamasa huwashinda vingine vitatu vilivyogawana kura zilizobaki, hata kama watu wote waliosalia hawakitaki kabisa. Katika kura ya alama nyingi, hushinda kile ambacho wengi wana subira nacho, na kwa shughuli inayomdai mtu pesa na wiki nne za jioni zake, nadhani subira ya wengi ni muhimu kuliko hamasa ya wachache. Alama zikilingana, hupewa nafasi pendekezo la mtu ambaye kitabu chake hakijawahi kuchaguliwa.

Mfano bora wa utaratibu huu kufanya kazi ulikuwa mwezi wa Abdulrazak Gurnah. Mara tu alipotangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mnamo Oktoba 2021, mapendekezo ya riwaya yake Paradise, iliyotoka mwaka 1994, yalimiminika, na klabu yoyote ya kura tupu ingeichagua usiku uleule. Kamati iliiweka kwenye orodha ya kusubiri, kwa sababu nakala zilizokuwa zikipatikana mjini zilikuwa chache sana. Baadhi yetu tulinung'unika waziwazi. Lakini mwaka 2022 Mkuki na Nyota walichapisha tafsiri ya Kiswahili, Peponi, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, na pendekezo liliporudi kwenye kura lilipita kwa urahisi. Tulisoma kwa lugha mbili, kila mtu akichagua yake, na kikao kilichofuata nakihesabu miongoni mwa vikao bora nilivyowahi kuhudhuria. Mjadala ulishikilia mwisho wa kitabu, pale Yusuf, kijana aliyekabidhiwa kwa tajiri Aziz kwa sababu ya deni la baba yake, anapokimbilia msafara wa askari wa Kijerumani. Je, huo ni uhuru, au ni kubadilisha bwana? Watu wa pwani na watu wa bara hawakukubaliana, vijana na wazee hawakukubaliana, na mwongoza mjadala, ambaye alikuwa ndiye mpendekezaji, alikuwa amejiandaa vya kutosha kutorudia yaliyosemwa. Kama tungekisoma Oktoba ile, wangekuwa wamekisoma wachache waliobahatika kupata nakala, na waliobaki wangekuja kusikiliza.

Utaratibu huu hata hivyo una upofu wake. Kamati hupima kurasa, na ukomo wetu ni kurasa 350, lakini kurasa hazipimi ugumu. Nagona ya Kezilahabi, iliyochapishwa 1990, haifiki hata kurasa mia moja, kwa hiyo ilipita mchujo bila swali, ikapata alama nyingi kutoka kwa watu waliofurahia ufupi wake, na ilipofika siku ya kikao wengi walikuwa wameisoma hadi mwisho bila kujua wameshika nini. Ni kitabu kikubwa, na sijutii kwamba tulikisoma, ila kilihitaji utangulizi kabla ya kusoma, pengine hata kikao kifupi cha kueleza kwamba mwandishi ameacha makusudi njia ya riwaya zake za awali na kuingia katika falsafa na mafumbo. Aya ya mpendekezaji haikulisema hilo, na kamati haikumuuliza. Nilishauri fomu ya mapendekezo iwe na sehemu ya kueleza kitabu kinamdai nini msomaji. Ushauri umepokelewa, ingawa bado haujatekelezwa.

Upofu wa pili ni wa ladha. Kamati ya watu watatu wanaotaka kura iende vizuri huelekea kwenye riwaya yenye hadithi inayoeleweka, ya ukubwa wa kati, ya mwandishi anayejulikana. Tangu nijiunge hatujawahi kusoma diwani ya mashairi, na tamthilia hupendekezwa na kuanguka, hata Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ambayo imekuwepo tangu 1969 na ambayo mtu angeweza kuisoma katika daladala kati ya Mbezi na Posta siku foleni ikiwa kubwa. Waandishi wapya wanaoshinda tuzo, kama ile ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu iliyoanza kutolewa 2023, huingia kwenye mchujo kwa shida, kwa kuwa kitabu kipya kina nakala chache na kamati haiwezi kuzithibitisha kwa urahisi. Kigezo kinachotulinda dhidi ya vitabu visivyopatikana ndicho hichohicho kinachotufungia mlango wa fasihi changa, na kwa hili sijaona klabu ikijitahidi vya kutosha. Mwezi mmoja kwa mwaka ungeweza kutengwa kwa ajili ya kitabu cha mwandishi mpya, nakala zikaagizwa kwa pamoja kutoka kwa mchapishaji kabla hata ya kura.

Kuhusu ada, kila mwezi nalipa kiasi kisichozidi bei ya riwaya moja ya kawaida, na kitabu chenyewe nanunua mwenyewe. Kwa mtu anayesoma sana na anayejua anachokitaka, sidhani kama kuna ulazima. Ataona kamati inamchelewesha. Kwa mtu kama mimi, aliyekuwa akinunua vitabu na kuvipanga rafuni bila kuvimaliza, thamani ipo. Nimelipia mwaka mwingine. Anayefikiria kujiunga na klabu yoyote ile, iwe hii au nyingine, amwombe mratibu orodha ya vitabu vya mwaka uliopita, aulize ni wanachama wangapi walifika kwenye kikao wakiwa wamekimaliza kila kimoja, na aulize nani alihakikisha nakala zipo kabla ya kura kupigwa. Mratibu asiyeweza kujibu swali hili la tatu, mimi nisingempa ada yangu.